Abiria wa Figo

Wateja wa duka la spea za pikipiki walimwita Bilabreki, naye hakukasirika, maana jina lilimfaa. Ulimi wake ukishashika mteremko, hausimami. Ukimwomba bei ya kirafiki atakuuliza urafiki wenu ulianza lini. Ukirudisha plagi ukidai ni mbovu, atakuambia plagi ni nzima, ubovu uko kwingine, na wenzako watacheka mpaka uichukue plagi yako uondoke nayo kimyakimya. Mumewe, fundi umeme mwenye maneno ya kuhesabika, alizoea kusema kwamba nyumba moja haihitaji spika mbili.

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyewahi kumziba mdomo, naye ni wifi yake, dada wa fundi umeme. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwembamba, nadhifu, mwenye tabia ya kusahihisha maneno ya watu wazima kana kwamba ameshika chaki. Nyumbani kote aliitwa Mwalimu. Siku Bilabreki alipopelekwa kwa mara ya kwanza kuonana na ndugu wa mume, Mwalimu alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, akasema kwa upole kabisa, "Kaka yangu aliingia dukani kununua cheni, akatoka na muuzaji."

Sebule nzima iliangua kicheko. Bilabreki alitafuta jibu akalikosa. Alilipata baadaye akiwa peke yake anaosha vyombo, na wakati huo halikuwa na faida tena. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa wakakua, wawili hao wakawa wanasalimiana vizuri na kuulizana habari za afya. Lakini ule mwiba haukutoka. Nyama iliota juu yake, nao ukabaki mlemle.

Kisha mafigo ya Mwalimu yakaanza kufa.

Ugonjwa ulianza kwa uvimbe wa miguu, ukaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Mwanamke aliyekuwa akisimama mstarini na wanafunzi asubuhi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, sasa alirudi hospitalini mara kwa mara na kutoka huko akiwa amesawijika, hawezi hata kushika kikombe bila kutetemeka. Daktari akasema njia iliyo bora ni kupata figo la mtu aliye hai. Ndugu wakakutana. Fundi umeme alipimwa akakutwa na sukari, hafai. Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu baba yao, mzee wa utani asiyeweza kukaa hata msibani bila kuwachekesha wafiwa, alisema lake lina umri wa kustaafu. Wengine wakatazama sakafu.

"Nipimwe mimi," alisema Bilabreki.

Alisema kwa huruma, hilo ni kweli. Alikuwa ameiona mikono ile ikitetemeka. Lakini pia alisema kwa sababu kimya cha watu kilimkera, na mdomo wake ulikuwa na desturi ya kufika kabla yake. Walipompima, kundi la damu likakubaliana, vipimo vingine vikapita. Daktari alimwonya kwamba hawakuwa ndugu wa damu, hivyo mwili wa mgonjwa ungeweza kuleta ubishi; ila kuna dawa za kuutuliza. "Ubishi nauelewa," Bilabreki alijibu. "Niko nao nyumbani." Daktari akacheka.

Asubuhi ya upasuaji walilazwa kwenye vitanda vya magurudumu, wakasogezwa kwenye ukumbi mwembamba mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, kila mmoja amevalishwa kofia ya karatasi. Ukumbi ulinuka spiriti. Nesi alikuwa ameinama akifunga breki ya kitanda kimojawapo. Mwalimu akanyoosha mkono kutoka chini ya shuka, mkono wa mifupa mitupu, uliobaki na makovu ya sindano za mashine.

"Wifi," alisema. "Sijui niseme nini."

Bilabreki akaushika. Na hapohapo, akiwa ameushika, wazo likamjia likiwa limeshakamilika, halina haja hata ya kufikiriwa: *Ndiyo, usiseme. Kuanzia leo hutasema tena kitu mbele yangu.* Likamwenea kifuani kama chai ya tangawizi. Aliingia chumba cha upasuaji akitabasamu, na nesi akasema hajapata kuona mtu jasiri kama yule.

Figo lilikubali haraka. Daktari alisema lilianza kutoa mkojo hata kabla kidonda hakijafungwa. Rangi ikarudi usoni mwa Mwalimu, na sifa zikamwagika kwa Bilabreki kama mvua. Walimu wa shule walimletea kitenge. Mtaani watu wasiomjua walimsimamisha. Wateja walimtania kwamba kweli huyu ni muuza spea, ametoa hata ya kwake, tena orijino.

Naye alizinywa sifa zile, akalewa. Kila saa ya kutembelea wagonjwa, na baadaye nyumbani wageni wanapokuja kumwona Mwalimu, alikaa kwenye kiti kilicho karibu kuliko vyote. "Mwalimu, kunywa maji. Usilitese figo langu," alikuwa akisema mbele za watu. Au, "Usikae kwenye baridi, figo langu halikuzoea shida." Wageni walicheka. Mwalimu alitabasamu, akanyanyua glasi, akanywa. Hakuwahi kujibu. Mara moja Bilabreki alikosea neno mbele yake, kosa la wazi ambalo hata mtoto angelicheka, akaona midomo ya wifi yake ikifunguka kumsahihisha, halafu ikajifunga. Siku ile alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Halafu homa ikaja. Mwalimu aliamka amevimba uso, mkojo umepungua, na upande ule wa tumbo lilikopandikizwa figo ukawa mgumu na wenye maumivu. Akarudishwa wodini. Wakanyofoa kipande kidogo cha figo kwa sindano ndefu wakakipeleka maabara, na majibu yalipotoka daktari akawaita ndugu kwenye chumba kidogo chenye viti vya plastiki. Walikuwepo fundi umeme, baba mdogo, walimu wawili waliokuja kumwona mkuu wao, na Bilabreki, aliyekaa mbele kama kawaida yake.

Daktari wa figo alikuwa mwanamke bado kijana, anayeongea akizungusha kalamu vidoleni. "Mwili wake umeanza kulikataa figo," alisema. "Tumeuwahi. Tutampa dawa kali kwa dripu, na tuna matumaini."

"Lakini lilikuwa linafanya kazi vizuri," fundi umeme alisema. "Nini kimelichokoza?"

"Figo halisafiri peke yake," daktari alijibu. "Ndani yake huwa na seli za kinga za mtoaji, tuseme askari wadogo waliokuwa wakiishi humo. Tunalisafisha kabla ya kulipandikiza, lakini hawatoki wote. Wanaingia kama abiria. Baada ya muda wanashuka, wanaingia kwenye tezi za mgonjwa, na hapo ndipo rabsha huanzia—"

Simu ikamwita kutoka wodini. Akaomba radhi, akasema atarudi kumalizia, akatoka.

Kisha baba mdogo akapiga goti lake kwa kiganja. "Basi nimeelewa! Ni askari wa Bilabreki hao! Wameshuka kwenye figo, wamefika kwa wenyewe, hata hodi hawajapiga, wameanza matusi!"

Walicheka. Walikuwa wamebanwa na hofu, na utani ule ukawa kama dirisha lililofunguliwa. Walimu walicheka wakifunika midomo. Hata fundi umeme alicheka, mpaka akafuta macho. Bilabreki naye alicheka, kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akasema anakwenda kunawa mikono.

Chooni alifungulia bomba, akasimama. Kwenye kioo kidogo kilichobanduka rangi aliuona uso wake umemwiva. Kwa wengine wote ule ulikuwa mzaha. Yeye peke yake alijua kwamba ni kweli. Alilikumbuka lile wazo la ukumbini, utamu wake, na akaliona limejificha ndani ya figo kama mwizi ndani ya lori la mizigo, likavuka, likashuka, likaenda kufanya lile lililotumwa kufanya. Alikuwa amempelekea mgonjwa fitina ndani ya zawadi. Aibu ilimshika kwa namna aliyokuwa hajaijua: haikuwa aibu ya kuchekwa, hiyo aliizoea na dawa yake alikuwa nayo. Hii ilikuwa ya mama aliyempeleka mtoto ugenini kwa majivuno, akaletewa habari kwamba mtoto amechoma nyumba.

Hakurudi kwenye kile chumba. Alitokea mlango wa nyuma, kwenye kamba za kuanikia mashuka.

Baada ya hapo hakukanyaga wodini. Alipika uji akampa mumewe aupeleke. Dukani aliuza bila maneno. Mteja mmoja alirudisha plagi akidai mbovu, naye akampa nyingine bila kuuliza. Mteja akabaki ameishika akimtazama kwa wasiwasi. "Mama, unaumwa?" Akasema ni kidonda cha upasuaji kinavuta.

"Wifi yako anakuulizia," mumewe alimwambia wakila.

"Mwambie nina mafua. Si vizuri kumwambukiza."

"Mafua gani haya yasiyo na chafya?"

Mkewe akaanza kukusanya vyombo. Fundi umeme akaweka kijiko chini. Yeye kazi yake ilikuwa kutafuta penye kukatika, na alijua kuna nyaya usizogusa mpaka uzime umeme kwanza. Akamwacha.

Ila kliniki yake mwenyewe hakuweza kuikwepa, maana mtoaji naye huangaliwa. Daktari alimpima presha, akalibonyeza kovu, akamwambia yuko sawa na anaweza kwenda. Bilabreki hakuinuka.

"Daktari," alisema. Alikuwa akiuchezea mkanda wa pochi yake. "Mtu akitoa figo na moyo wake hauko safi?"

"Moyo wako tuliupima. Uko safi kabisa."

"Si huo."

Daktari akaacha kuzungusha kalamu. Akavuta kiti chake mbele.

"Ulisema askari wangu walikwenda wakaanzisha rabsha," Bilabreki aliendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba daktari alilazimika kuinama. "Mimi na wifi yangu hatukuwa tunapendana. Nilitoa, lakini nilitoa nikiwa na jambo. Nataka kujua kama ndilo lililokwenda."

"Kumbe sikurudi kumalizia," daktari alisema polepole. "Niliitwa, nikasahau. Hilo kosa ni langu. Nisikilize. Hao abiria hawakupigana na mtu. Kazi yao kila siku, walipokuwa ndani yako, ilikuwa kushika vitu na kuvionyesha: hiki cha kwetu, hiki kigeni. Walipofika kwenye tezi za wifi yako walikuwa kama wageni walioingia kambi ya jeshi wakiwa na sare za nchi nyingine. Hawakubeba silaha. Askari wa wifi yako waliwaona uso kwa uso, wakajua kuna wageni mwilini, wakaongezeka, wakafuata njia mpaka kwenye figo. Wanaolishambulia figo ni wa kwake, si wa kwako. Wa kwako wengi wao walishauawa zamani."

"Walishauawa?"

"Wengi. Tena hata wote wangeisha, seli zake zingelitambua figo kwa njia nyingine. Ungekuwa malaika, ingekuwa hivyohivyo. Labda tu kama ungekuwa pacha wake wa kufanana. Seli haijui kununa, mama. Haibebi neno la mtu."

Bilabreki alishukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi la korido. Alitegemea kwamba sasa mzigo utashuka. Haukushuka. Kwa siku zote zile alikuwa amewabebesha askari wake lawama, na sasa walikuwa wameachiliwa, hawana hatia, tena wamekufa ugenini bila hata kujua walitumwa na nani. Kesi ikabaki bila mshtakiwa mwingine. Kilichobaki ni lile wazo, na zile kejeli za glasi za maji. Hizo hazikuhitaji tezi wala damu. Zilitoka mdomoni mwake, mbele za watu, akiwa na akili timamu.

Akanyanyuka akaenda wodini.

Mwalimu alikuwa amelala chali, dripu mkononi, uso umeumuka kwa dawa. Alipomwona aligeuza kichwa. "Mafua yamepona?"

"Sikuwa na mafua."

"Najua."

Bilabreki alisimama miguuni mwa kitanda, hakuthubutu kukisogelea kile kiti. Maneno, ambayo maisha yake yote yalimjia bila kuitwa, sasa ilibidi ayavute moja moja kama ndoo kisimani. Akamwambia. Ukumbi, kofia za karatasi, mkono alioushika, na alichokiwaza akiwa ameushika. Kwamba aliona utamu. Kwamba alipoona homa alidhani ni yeye.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, macho yake yakiwa kwenye matone ya dripu.

"Ulichokiwaza pale sikukisikia," alisema. "Hicho ni chako na Mungu wako. Mimi nilisikia ulichokisema baadaye. Kila nikinyanyua glasi nilikuwa nakunywa hasira. Wiki nilipoanza kuvimba..." Akalivuta shuka kifuani. "Wiki ile kuna asubuhi nilikaa nikasema, basi litoke. Nirudi kwenye mashine. Mashine hainitangazi kwa wageni."

Bilabreki alishika chuma cha kitanda. Alijua mashine ile ilimfanya nini wifi yake. Kwamba mtu angeitamani, kwa sababu yake yeye.

"Nisamehe, wifi."

"Unaniomba hapa, tuko wawili?" Mwalimu alisema. Sauti haikupanda, ilikuwa ileile ya darasani. "Kule uliniaibisha mbele za watu."

Saa ya kutembelea ilipofika watu wakaja: fundi umeme na fulana yake yenye vumbi la ukuta, baba mdogo na mkebe wa matunda, walimu watatu. Walimkuta Bilabreki amesimama ukutani, wakamtania kwamba askari wake wamempa likizo. Hakucheka.

"Nina neno," alisema.

"Siku ya kwanza unaomba ruhusa!" baba mdogo alisema.

"Baba mdogo, naomba uninyamazie kidogo." Mzee akafunga mdomo. "Mmenisikia hapa na nyumbani nikisema figo langu, figo langu. Mmecheka, kwa sababu nilitaka mcheke. Nilikuwa namsimanga mgonjwa. Nilimpa kitu, halafu nikawa... nikawa kila siku nakwenda kukidai mbele yenu, ili asiweze kuniinulia kichwa. Si langu. Nilishalitoa. Na huku kuumwa kwake si askari wangu, daktari ameniambia. Ubaya wangu ulikuwa mdomoni, haukuwa kwenye damu. Mwalimu, nisamehe mbele yao."

Jasho lilikuwa limemloanisha mgongo. Mmoja wa wale walimu wageni alikuwa anatazama viatu vyake. Fundi umeme alimtazama mkewe kama mtu aliyewasha taa katika chumba alichodhani anakijua. Baba mdogo aliweka mkebe wa matunda kwenye kabati, akaukosa ukingo, akauweka tena, akanung'unika kwamba na yeye siku ile alipayuka, uzee mwingine hauna adabu.

"Nimesikia," Mwalimu alisema. Hakusema amesamehe. Akamwonyesha kiti kwa kidevu. "Keti, utaanguka."

Akaketi. Na akiwa ameketi, kichwa chini, alijikuta anangoja kitu. Ilimchukua muda kujua ni nini: alikuwa anangoja Mwalimu naye aseme jambo juu ya ile siku ya cheni na muuzaji, aombe radhi yake, wawe sawasawa. Alipojitambua, uso ukamwiva upya. Hata hapa, hata sasa, alikuwa amekuja na mizani. Mwalimu hakulisema neno hilo siku ile, wala siku nyingine yoyote, na huenda hakulikumbuka kabisa.

Dawa zilifanya kazi, ingawa polepole. Figo lilibaki, lakini lilijeruhiwa. Daktari alisema halitarudi kuwa na nguvu zote za mwanzo, na kwamba Mwalimu atameza vidonge vya kutuliza kinga maisha yake yote, bila kuruka. Bilabreki alianza kwenda wodini kila alipofunga duka. Hakukaa kwenye kile kiti cha karibu. Alipewa kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiigombea: kuchukua jagi la mkojo wa mgonjwa, kulisoma kwenye mistari yake, kumtajia nesi, kisha kwenda kulimwaga na kulisuuza.

Siku moja jioni mkojo ulipanda hadi mstari ambao haukuwa umefikiwa tangu homa. Nesi alisema, "Vizuri sana." Mwalimu, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari la mwanafunzi alilokuwa akilisahihisha kitandani, alisema, "Basi leo limeamka vizuri figo langu."

Bilabreki alisikia neno hilo likimpita ubavuni, mahali penye kovu. Alilibeba jagi kwa mikono miwili, akatoka nalo kwenye korido iliyojaa watu. Mama mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa wake alimtambua, akapanua mikono katikati ya njia.

"Jamani! Si ndiye yule shujaa aliyetoa figo? Njooni mumwone!"

Watu wakageuka.

"Nipisheni, ndugu zangu," Bilabreki alisema, akitazama chini, akilinda jagi lisimwagike. "Nimebeba mkojo wa watu."